Mabega ya Mjomba

Kitaya, 12 Januari 2025

Mdogo wangu Bwanali,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaitika kwa salamu yako, na mimi nitaipokea, maana tulinyonya ziwa moja hata kama wewe ulifuata msikiti wa baba na mimi nikafuata kanisa la mama. Mke wako hajambo? Na Sajidi huko Dar anapiga hodi nyumbani hata siku moja, au ndiyo mjini kumemmeza?

Sisi wazima. Mpunga wa bondeni umeota vizuri ila viboko wanapanda kutoka mtoni na kuula, tunawapigia madebe mpaka mikono inakufa ganzi. Bati la jikoni limetoboka. Mguu wangu wa kushoto ni ule ule. Barua nampa Idrisa, anayechukua samaki huku na kuwauza kwenu, kwa kuwa wewe simu hutaki kuishika tangu siku ile, na mimi sikulaumu.

Sasa neno lenyewe. Helder amekuwa. Miguu inatoka nje ya suruali kila nikishusha pindo. Wazee wamekwisha kusema mwaka huu watoto wa rika lake wanaingia jandoni mwezi wa sita, na mwezi wa saba wanatoka. Unajua mambo ya kwetu: siku ya kutoka, mtoto habebwi na baba, habebwi na rafiki. Anabebwa mabegani na mjomba wake, kutoka porini mpaka mlango wa nyumba, na mguu wake haugusi udongo mpaka ukanyage mkeka. Mama yake, marehemu Vania, hana kaka mwingine. Ni wewe.

Lakini Erasto, binamu yetu, alikuja Krismasi akaniambia alikupitia Mtwara, hapo Mtawanya. Anasema ulipoinuka kwenye cherehani ulishika meza kwanza, ukapumua, kisha ndiyo ukasema karibu. Anasema kitambi kimekutangulia mlangoni. Nilicheka mbele yake. Alipoondoka sikucheka.

Niambie kweli, Bwanali. Unaweza au huwezi?

Dada yako,
Zulmira


Mtawanya, 2 Februari 2025

Dada yangu Zulmira,

Shikamoo, na amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako na nyumba yako. Nyumbani wote wazima, mke wangu anakusalimu na anauliza mbegu ya bamia ile fupi. Sajidi anapiga hodi kwa kutuma vitu. Juzi ameniletea raba nyeupe za kukimbilia. Nimezivaa kwenda dukani, nimezivaa kwenda kwenye harusi, sijakimbia nazo hata kidogo.

Erasto ana mdomo mrefu, ila hakusema uongo. Dada, wewe ni mtu wangu, nikuambie lote. Kazi ya cherehani ni kukaa. Unakaa asubuhi, unaletewa chai na chapati umekaa, wateja wanakuja umekaa. Mwaka jana daktari alinipima akasema sukari imepanda na presha nayo, akanipa karatasi ya kutembea na kupunguza ugali. Nilitembea wiki moja. Nikaona uvivu, nikaacha. Mke wangu akanililia nitembee kwa ajili yake. Nikatembea, nikaacha. Nikajishonea suruali nyembamba niitundike ukutani, niwe nikiiona naona aibu. Dada, niliizoea kama picha. Nikajifunza kitu hapo: mtu hanyanyuki kitandani kwa ajili ya karatasi ya hospitali, wala kwa suruali. Anataka aitwe kwa jina.

Barua yako imeniita. Niliisoma nikaiweka chini ya Msahafu, na kesho yake baada ya sala ya alfajiri sikurudi kulala. Nilivaa zile raba nikatoka mpaka barabara kubwa. Nilirudi nimeshika kiuno, lakini nilirudi.

Nimekwenda Mikindani kwa Asgarali, ninakonunua uzi na vitambaa. Ana mizani kubwa ya kupimia magunia. Nikapanda. Asgarali akaangalia mshale, akaniangalia mimi, akamwita mke wake, "Shehnaz, njoo uone, fundi wetu ni gunia na nusu." Mama yule alicheka mpaka akashika kanga. Nikamwambia aandike mahali, tutakumbushana.

Mwambie Helder mjomba anajiandaa. Habari ya mimi kuja huko Kitaya, karibu na ule mto, tutaongea siku nyingine.

Ndugu yako,
Bwanali


Kitaya, 23 Februari 2025

Bwanali mdogo wangu,

Kristo. Mbegu za bamia zimo ndani ya kitambaa, Idrisa asizitafune tu. Mvua imekolea, barabara imeanza kuwa uji, usishangae barua zikichelewa.

Nimefurahi umeanza. Ila kutembea mikono mitupu hakutoshi. Weka kitu mabegani. Na ujue mtoto si gunia. Gunia linakaa, mtoto anageuka kuangalia watu. Ngoma zikilia ndiyo kabisa, anataka kucheza huku juu.

Umeandika tutaongea siku nyingine. Tutaongea lini? Huyu mtoto hatoki jandoni Mtawanya.

Josephu, ndugu wa baba yake Helder, alivuka mto kuja kutusalimia. Alileta sukari na kitenge. Alimpima Helder urefu kwa mkono wake. Amerudi ng'ambo. Ni hilo tu.

Helder hajambo. Hazungumzii mto, na mimi simuulizi.

Zulmira


Mtawanya, 9 Machi 2025

Dada Zulmira,

Shikamoo. Ramadhani imetukuta wazima, na nyinyi nasikia Kwaresma imeingia wiki hii hii, basi sote tuna njaa pamoja na Mungu anatuona. Mke wangu amepanda bamia. Futari ni muhogo na mizizi ya ming'oko. Vya mafuta nimeviacha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sijaota chapati.

Ushauri wako wa kuweka kitu mabegani umenitia kwenye kashfa. Nilichukua gunia la pumba, nikalibeba begani baada ya alfajiri, nikazunguka nalo Mtawanya yote. Siku ya kwanza watu walinisalimu tu. Siku ya pili mama mmoja mfuga kuku akatoka na ndoo: "Fundi, pumba shilingi ngapi?" Nikamwambia siuzi. Akasema, "Huuzi, unatembeza ziote jua?" Siku iliyofuata walikuwa wengi na ndoo zao, na mmoja akanitukana kwamba nabagua wateja. Sasa wamekwisha kuamua kwamba cherehani imenishinda nimeingia biashara ya pumba, na kwamba sina akili ya biashara. Nawaacha. Nikiwaambia namfanyia mazoezi mtoto wa marehemu dada yangu, nitalia njiani.

Naona mabadiliko. Suruali ya ukutani nimeivaa, dada, na nimeitia mkanda. Napanda ngazi za msikiti bila kushika ukuta. Nasujudu na kuinuka kama zamani.

Ila kuna jambo la mizani. Nilikwenda kwa Asgarali nikiwa na furaha, nikapanda. Mshale ukaenda ukasimama pale pale pa siku ya kwanza. Asgarali akagonga sahani ya mizani kwa kiganja. Akaniambia shuka, akapima gunia lake la mchele, likawa sawasawa. Akaniambia panda. Pale pale. Akanizunguka, akavuta suruali yangu kiunoni kwa vidole, ikaachia nafasi ya mkono mzima. "Fundi," akasema, "tumbo nimeliona limekwenda. Uzito umeuficha wapi?" Shehnaz akasema labda nina mawe mfukoni. Tukacheka wote. Mimi nilicheka mwisho.

Na jingine dogo. Nikirudi asubuhi shati linakuwa limelowa mabegani. Mgongoni kukavu, kifuani kukavu. Mke wangu anauliza, nasema jasho.

Muombe Mungu wako kwa ajili yangu, nami nakuombea.

Bwanali


Kitaya, 17 Aprili 2025, Alhamisi Kuu

Bwanali,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata juzi. Maji yalikata barabara, Idrisa hakufika, samaki wameozea huku. Bonde limezama nusu. Nyumba ni nzima. Leo natoka kanisani, mguu umeniuma kwenye kupiga magoti nikakaa kama bibi kizee, na padre kaniona.

Nimecheka habari za pumba mpaka Helder akanisomea tena.

Nijibu haya kabla ya mengine yote. Shati linalowa mabegani tu? Pande zote mbili? Linanuka nini? Na ni tangu lini, tangu gunia, au kabla?

Usiniulize kwa nini nauliza.

Haya, nitakuambia nusu. Asubuhi moja mwezi wa pili Helder alikuwa anakunywa uji. Akasema, kama mtu anayesema mbuzi wamefunguliwa, "Mama mkubwa, mama amekwenda Mtwara." Nikamuuliza mama gani. Akasema, "Mama. Amechoka kukaa majini. Amesema kule kuna mtu wa kumbeba." Nilimkataza kusema tena, na hajasema tena. Ni mtoto mtiifu. Lakini tangu siku hiyo anakula vizuri na anakwenda kuogelea kwenye dimbwi na wenzake, yeye ambaye miaka minne alikuwa anaogopa hata ndoo.

Pasaka njema, ingawa si yako.

Zulmira


Mtawanya, 4 Mei 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Idi ilipita salama, nilikuwekea kipande cha nyama ya kukausha, Idrisa anacho. Sajidi alikuja siku mbili. Aliniona akasema, "Baba, umekuwa kijana." Kisha akasema, "Lakini mbona unatembea umeinama?"

Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja. Nimekaa nayo siku nyingi. Sasa nakujibu.

Pande zote mbili. Linanuka matope ya mikoko na chumvi. Na ilianza kabla ya gunia.

Sikukuandikia kwa sababu nilidhani nikiliandika litakuwa kweli. Ile asubuhi ya kwanza, nikiwa narudi kutoka barabara kubwa, niliona mabega yamekuwa mazito taratibu, kama mtu anavyokaa kwa adabu. Nikasema ni uzee. Kesho yake tena, hapo hapo kwenye kona ya mkorosho uliokatwa. Nikasoma Ayatul Kursiy. Uzito ule haukuondoka. Ulitulia tu, kama mtu anayesikiliza. Gunia nilibeba ili niwe na sababu ya kuchoka, dada. Hiyo ndiyo kweli yake.

Halafu ikaja habari ya masikio. Unakumbuka Msimbati, maji yakikauka, tukienda kuokota kombe za baharini? Wewe ulitangulia na kikapu, mimi nilibaki na Vania kwa sababu alikuwa mdogo na matope yanammeza. Nilimweka mabegani. Na yeye alinishika masikio kama usukani wa baiskeli. Akitaka kushoto anavuta la kushoto. Nikimwambia ninaumia, ananyoosha mguu wenye matope mbele ya uso wangu na kucheka. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kunishika hivyo. Mwezi wa Ramadhani, alfajiri, nilishikwa masikio yote mawili. Vidole baridi. Kwenye njia panda sikio la kulia likavutwa, upande wa barabara ya kuja kwenu.

Nilikwenda kwa imamu wetu, Sheikh Shahidi. Sikumficha. Alifikiri sana, kisha akasema mambo ya roho ni amri ya Mola na sisi tumepewa elimu kidogo. Nitoe sadaka, nimsomee, nimuombee. Nikamuuliza kama ni shetani. Akasema, "Bwanali, shetani nimjuaye mimi hamwamshi mtu alfajiri akamtembeza akamponya presha." Nikaona hata yeye hajui.

Siku ile, dada, Vania alinipigia yeye mwenyewe kabla hajapanda mtumbwi. Alisema, "Kaka, huku hakukaliki tena. Navuka na mtoto. Leo nalala kwako, nisubiri." Mke wangu alipika wali. Nilikaa kizingitini na simu mkononi. Simu ilipolia tena ulikuwa wewe. Basi.

Sasa nakuambia nililoamua. Nimeacha kutembea. Raba nimeziweka juu ya kabati. Siku za mwanzo mabega yalibaki matupu, nikashukuru, halafu nikakosa usingizi kwa kuwa yalikuwa matupu. Mimi ni mtu wa dini, sitaki kumbeba maiti barabarani watu wakinifuata na ndoo. Na kuja kwenye ule mto na hali hii, siwezi. Huyo Josephu ni ndugu wa baba yake mtoto, ana nguvu, mwachie ambebe yeye. Helder hatajua tofauti.

Nisamehe.

Bwanali


Kitaya, 11 Mei 2025

Bwanali,

Leo salamu zitangoja.

Helder atajua tofauti. Kila mtu atajua. Nilikuficha, sasa nisikie. Josephu hakuja na sukari kutusalimia. Alikuja mbele ya wazee akasema baba wa mtoto hajulikani alipo tangu kipindi cha kukimbia vita, mama hayupo, na mjomba ni mgonjwa aliyejaa, hawezi kubeba hata jogoo. Akasema kama mjomba hatatokea, au atatokea akamweka mtoto chini njiani, basi atambeba yeye. Na nyumba ya anayembeba ndiyo nyumba ya mtoto. Wazee walikubali. Ndivyo ilivyo tangu bibi zetu. Siku ile ile ya kutoka atavuka naye, mto ule ule, arudi naye kule alikotolewa mabegani mwa mama yake.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka utembee kwa kumpenda, siyo kwa kuogopa. Kumbe ulikuwa na hofu yako kabatini.

Sasa la Vania. Mimi nilikuwa kando ya mto, wewe hukuwepo, na miaka minne hujaniuliza, nami sijasema. Mtumbwi ulipopinduka, watu wote walishika mbao. Yeye alimweka Helder mabegani. Tulimwona mtoto juu ya maji kama amekaa kwenye kiti, na chini yake hatukuona mtu. Helder alikuwa ameshika kitu kwa mikono miwili chini ya maji. Sasa nimejua alikuwa ameshika nini. Masikio. Mvuvi alipomchukua, Vania alishuka na mto, mto ukampeleka mdomoni, na mdomo ukampa bahari. Hatukuzika. Kwenye kaburi la mama kuna nafasi kando yake, na hakuna mtu ndani.

Wewe unasema umembeba maiti. Mimi nasema dada yako amebeba mtoto majini mpaka akaishiwa, na amekuja kwa mtu pekee aliyewahi kumbeba yeye. Alisema umsubiri. Amefika. Unamrudisha mlangoni?

Shusha raba kabatini. Umlete nyumbani, uje umchukue mwanawe.

Zulmira


Mtawanya, 25 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Mke wangu hajambo. Bamia zimezaa.

Asubuhi hii nimevaa raba. Nilipofika kwenye kona nikasimama, nikasema bismillahi, nikainama kidogo kama tulivyokuwa tukiinama Msimbati. Nikasema, "Haya, panda."

Nakuja na Idrisa siku moja kabla. Waambie wazee. Na Josephu mwambie alete sukari nyingine.

Bwanali


Kitaya, 20 Julai 2025

Mdogo wangu Bwanali,

Tumsifu Yesu Kristo, na hongera, na pole. Uliondoka alfajiri bila kuniaga. Niliona tu mkeka wa kulalia umekunjwa na chai uliyoacha. Sikukasirika. Ila kuna mambo uliyaacha nyuma yako, na aliyekuwa nyuma yako ni mimi, kwa hiyo nakuandikia uyajue.

Walipomtoa Helder kule porini, amepakwa mafuta, nguo mpya, ulichuchumaa akapanda, na uliposimama akina mama walipiga vigelegele, mimi nilikuwa nakuangalia magoti. Yalitetemeka. Josephu naye aliyaona. Akaja akatembea karibu yako bega kwa bega, mikono ameinyoosha kidogo, kama mtu anayengoja embe lianguke. Aliniambia kwa sauti ili usikie, "Mama, huyu hafiki kwenye tuta." Nikamwambia, "Wewe tembea, usije ukaangushwa na mate yako."

Kwenye njia ya bondeni udongo bado ulikuwa laini. Nilikuwa nakanyaga nyuma yako. Nyayo zako, Bwanali, zilizama mpaka kwenye kifundo. Erasto ana mwili kukushinda na alikuwa amebeba ngoma, nyayo zake hazikuzama hivyo. Nilimwonyesha mama mmoja kwa kidole. Alifanya ishara ya msalaba.

Kwenye kupanda tuta ulisimama. Ngoma zikanyamaza moja moja. Uliinama mbele, goti moja likashuka mpaka nikaona limekaribia majani. Josephu akashika miguu ya mtoto. Nilifumba macho nikamwita Mama Maria. Nilipofumbua, Helder alikuwa ameachia nywele zako, amekushika masikio. Nani alimfundisha? Mimi sijamwambia kamwe, barua yako ya masikio niliifungia sandukuni. Alivuta la kulia taratibu, mahali tuta linapokuwa na kijinjia cha ng'ombe kisicho na mwinuko mkali. Nawe ukamfuata. Josephu akabaki na mikono mitupu.

Mlangoni ulichuchumaa, Helder akakanyaga mkeka. Watu wakapiga kelele, wakambeba, wakaingia naye. Lakini wewe ulibaki umechuchumaa. Umeinamisha kichwa, mikono imeshika mkeka, umekaa hivyo muda mrefu. Josephu akacheka, "Kazi yake imekwisha, mnyanyueni." Nikawazuia. Nilijua unangoja mtu mwingine ateremke, na alikuwa hana haraka.

Ulipoinuka nikauchukua mkeka. Pale alipokanyaga mtoto palikuwa na mafuta. Kando yake palikuwa na maji, sehemu mbili, ndogo, kama nyayo za mwanamke. Sikuuanika. Niliupeleka kwenye kaburi la mama, nikautandika kwenye ile nafasi. Padre amekuja akaibariki nafasi, hakuuliza kwa nini kuna mkeka.

Shati lako uliliacha kwenye msumari. Nimelifua kwa maji ya kisima. Maji yaliyotoka yalikuwa na chumvi na mchanga mweupe, na huku kwetu, wewe unajua, mchanga ni mwekundu.

Josephu amevuka kurudi peke yake. Aliniachia sukari. Alisema, "Mjomba wake yupo." Amelala vizuri mtoto wetu.

Na wewe hali yako?

Zulmira


Mtawanya, 3 Agosti 2025

Dada yangu Zulmira,

Shikamoo, na nakuombea kila kheri. Barua yako nimeisoma msikitini baada ya watu kutoka. Mke wangu ameanika bamia. Sajidi anasema atakuja na mchumba, tumuombe Mungu awe ni mtu anayekula ming'oko.

Sikukuaga kwa sababu sikuwa na sauti. Pale mkekani nilisikia vidole vikiniachia kimoja kimoja. Cha mwisho kilikawia. Kisha nikapigwa kidogo utosini kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya Msimbati tukifika nchi kavu, maana yake nishushe, tumefika. Nikashusha.

Jana nilikwenda Mikindani. Asgarali aliniona mlangoni akaacha wateja, akaniambia panda. Nikapanda. Mshale ulikwenda ukasimama mahali ambapo haujawahi kusimama tangu tufahamiane. Asgarali akautazama, hakugonga sahani safari hii. Akasema pole pole, "Fundi, mzigo umeuteremsha wapi?"

Nikamwambia Kitaya.

Nilitaka kushuka, nikashindwa. Nilisimama juu ya mizani ya magunia nikalia, mtu mzima, na wateja wanangoja mchele. Shehnaz akaleta maji. Hakuna aliyecheka.

Daktari naye amefurahi, ameniambia niendelee hivi hivi, akaniuliza ni kitu gani kilichonifanya nisiache. Nilimwambia ni familia. Aliandika.

Bado natoka kila alfajiri, dada. Raba zimechanika mbele, nimezishona mwenyewe kwa uzi wa turubai. Wale wenye ndoo wamekata tamaa, sasa wananisalimu kama mtu. Nikifika kwenye ile kona nainama kidogo. Sijui kwa nini, mwili umezoea. Hakuna anayepanda. Naendelea na mabega yangu matupu, mwepesi kama kijana, na wepesi huo ndio unaonielemea.

Shule zikifungwa mlete Helder. Atasema yeye ni mwanaume sasa, amepita jando, habebwi. Msimlazimishe. Mwambie tu mjomba wake anajua njia yote ya Msimbati maji yakikauka, na kwamba alfajiri ataniona mlangoni nimevaa raba, namsubiri.

Ndugu yako,
Bwanali